Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukusanya matoleo ya kwanza ya nota za muziki wa kale, ukiwa Mtwara

Mimi ni mwalimu wa kwaya, naishi Mtwara mjini. Tangu nianze kukusanya nota zilizochapwa zamani, watu huniuliza maswali yanayofanana: wanakwaya wenzangu baada ya mazoezi, walimu wenzangu, hata fundi seremala aliyenitengenezea kabati. Majibu yangu nimeyaweka hapa ili anayetaka kuanza asipoteze pesa na miaka kama nilivyopoteza mimi.

Toleo la kwanza ni nini hasa?

Ni chapa ya kwanza ya utunzi iliyotolewa kwa ajili ya kuuzwa. Si ule mwandiko wa mkono wa mtunzi mwenyewe, huo ni jambo jingine, na kwa mtu wa kipato changu ni wa kuutazama kwenye kabati la kioo tu. Tena toleo la kwanza halina lazima liwe limetoka mtunzi akiwa hai.

Chukua "Haleluya" ya Handel, ambayo kwaya zetu huiimba Pasaka hadi wasioijua wanasimama. Oratorio ya Messiah ilisikika mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Mchapaji Walsh wa London aliuza nyimbo za waimbaji mmoja mmoja tu, kwaya zikaachwa nje. Kazi nzima, pamoja na hiyo Haleluya, ilichapwa London mwaka 1767 na Randall na Abell. Handel alikuwa ameshafariki tangu 1759. Kwa hiyo mtu akikuambia ana Messiah kamili iliyochapwa enzi za uhai wa Handel, mwulize maswali mengine mawili matatu kabla hujagusa pochi.

Bach ndiyo zaidi. Alifariki 1750, na zile preludi na fuga 48 ambazo kila mpiga kinanda huzijua zilisubiri hadi 1801 ndipo nyumba za Simrock, Nägeli na Hoffmeister zikaanza kuzitoa, zote tatu karibu wakati mmoja. Passio yake ya Mathayo ilichapwa Berlin mwaka 1830 na Schlesinger, baada ya Mendelssohn kuifufua jukwaani mwaka 1829. Naye Chopin alikuwa akiuza kazi moja kwa wachapaji wa nchi tatu, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, kwa sababu wakati huo sheria ya nchi moja haikumlinda kwenye nchi nyingine. Hapo unapata matoleo ya kwanza matatu ya kazi moja, na mara nyingi hayalingani nota kwa nota.

Nitalitambuaje? Mwaka haujaandikwa popote.

Ndiyo, haujaandikwa. Nota nyingi za karne ya 18 na 19 hazina tarehe. Wachapaji hawakutaka mnunuzi aone kuwa bidhaa ni ya zamani. Kwa hiyo inabidi uisome karatasi kama mfuatiliaji wa nyayo anavyosoma mchanga.

Anza na namba ya bamba. Zamani nota nyingi hazikupangwa kwa herufi za kuhamishika kama gazeti. Fundi alichukua bamba laini la mchanganyiko wa bati na risasi, akachora mistari mitano, akagonga vichwa vya nota kwa nyundo na vyuma vidogo, kila kitu kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Kila kazi ilipewa namba, na namba hiyo inaonekana chini katikati ya kila ukurasa. Wataalamu wameshapanga orodha za namba za nyumba kubwa na miaka yake: Breitkopf & Härtel na Peters wa Leipzig, Schott wa Mainz, Ricordi wa Milan. Ukiwa na namba na jina la nyumba, unapata mwaka wa kuchongwa kwa bamba.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Namba inakuambia bamba lilichongwa lini, haikuambii nakala uliyoshika ilichapwa lini. Bamba lilelile lilihifadhiwa ghalani na kutumika tena miaka 30, 40. Namba ikakubali, wewe ukashangilia, kumbe umeshika nakala ya mwisho mwisho.

Kwa hiyo endelea na bei, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chapa ya Leipzig yenye bei ya "Ngr." haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1840, kwa kuwa sarafu hiyo, Neugroschen, iliingia Saksoni mwaka 1841. Ukiona bei kwa marki, "Mk." au "M.", basi nakala hiyo ni ya miaka ya 1870 na kuendelea, hata kama mtunzi alifariki 1827 na namba ya bamba ni ya zamani. Muuzaji anaweza kukudanganya, ila bei iliyochapwa pale chini ya jina la kazi haijui uongo.

Kisha angalia anwani ya mchapaji na majina ya mawakala wake. Duka lilihama mtaa, mshirika alijitoa, mwana akarithi: kila badiliko lilibadilisha ukurasa wa jina.

Mwisho tumia vidole. Nota iliyochapwa moja kwa moja kutoka bamba ina alama ya kingo: mstatili uliodidimia kidogo kuzunguka nota zote, kama alama ya sahani juu ya unga. Funga macho, pitisha kidole cha shahada kutoka pembeni kwenda katikati, utausikia. Wino nao umepanda juu kidogo. Baadaye wachapaji wengi walihamishia picha ya bamba kwenye jiwe, kwa ufundi ambao Senefelder aliubuni Munich mwishoni mwa miaka ya 1790. Chapa ya jiwe ni bapa, kidole hakikuti kitu. Inua pia karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ile ya matambara ya kitani mara nyingi ina mistari na alama ya maji, na bado ni laini. Ile ya unga wa miti, iliyoenea nusu ya pili ya karne ya 19, imegeuka rangi ya chai na pembe zinakatika kama biskuti.

Toleo la kwanza ndilo lililo sahihi kuliko yote?

Hapana. Mara nyingi ndilo lenye makosa mengi. Beethoven alimwandikia Breitkopf & Härtel mwaka 1811 kwa hasira kubwa juu ya makosa yaliyojaa kwenye chapa zake. Anayetaka kuimba bila kujikwaa achukue toleo la kisasa lililohaririwa vizuri.

Basi kwa nini uhangaike, wakati intaneti ina kila kitu?

Kweli, IMSLP, hazina ya nota mtandaoni iliyoanza 2006, ina matoleo ya kwanza mengi yaliyopigwa picha, na ni bure. Mimi mwenyewe huitumia kila wiki. Mtu akiniambia anataka kukusanya ili kwaya yake ipate nyimbo, namwambia aweke bando kwenye simu, aache kukusanya.

Lakini picha haikuonyeshi alama ya kingo. Haikuonyeshi kuwa mwalimu fulani alitia penseli mahali pa kuvuta pumzi. Mimi nakusanya kwa sababu nota iliyochapwa ni ushahidi wa jinsi wimbo ulivyosafiri. "Usiku mtakatifu" uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Noeli mwaka 1818. Ulipochapwa Dresden mwanzoni mwa miaka ya 1830, uliuzwa kama wimbo wa asili wa watu wa Tirol, bila jina la Gruber aliyetunga sauti wala Mohr aliyeandika maneno. Dunia nzima ikauimba, wenyewe hawatajwi. Nikiufundisha sasa hulitaja jina la Gruber kwanza, ndipo tunatoa sauti.

Huku kusini kuna nini cha kukusanya? Si vitu vya Ulaya?

Swali hili hunigusa, kwa sababu nota zilifika huku kabla ya reli, kabla ya barabara ya lami. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Masasi 1876. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Bavaria walikuwa Lukuledi na Nyangao kabla ya vita vya Maji Maji, na misheni ya Ndanda ikaanzishwa 1906. Watu hawa waliishi kwa kuimba. Mmonaki huimba saa baada ya saa, mchana na usiku, na hawezi kuimba bila kitabu.

Kwa hiyo anayeishi Mtwara au Lindi asianze na Beethoven. Aanze kujifunza vitabu vya Gregoriani, kwa maana ndivyo vyenye uwezekano wa kukutana navyo, na historia yake ni ya kusisimua. Nyumba ya Friedrich Pustet ya Regensburg ilipewa na Roma haki ya pekee ya kuchapa Graduale, kitabu cha nyimbo za Misa, kwa miaka 30, kuanzia miaka ya 1870. Nota zake zilikuwa za toleo lililofupishwa, zimekatwakatwa. Wakati huohuo wamonaki wa Solesmes nchini Ufaransa walikuwa wakichunguza mswada baada ya mswada, na mwaka 1883 Padre Joseph Pothier akatoa Liber Gradualis yenye nyimbo za kale bila kukatwa. Haki ya Pustet ilipokwisha, Papa Pius wa Kumi akatoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu mwezi Novemba 1903, na Graduale ya Vatikani ikatoka 1908.

Tofauti unaiona kwa macho. Fungua Misa ya Pasaka, "Resurrexi", kwenye kitabu cha Pustet cha zamani na kile cha 1908. Kwenye cha pili nota zinamiminika juu ya silabi moja, kwenye cha kwanza zimebaki chache. Halafu kuwa mwangalifu: Vatikani iliruhusu nyumba nyingine kuchapa upya toleo lake, kwa hiyo kitabu cha 1908 chenye jina la Pustet au Desclée ni kizuri, kitunze, lakini si chapa ya Vatikani yenyewe.

Vitabu vya solfa vina thamani yoyote?

Vina, na nasikitika vinavyodharauliwa. Do-re-mi za herufi tunazosomea sote zilienezwa na mchungaji John Curwen wa Uingereza, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Wamisionari walizileta Afrika kwa sababu zinachapika kwa herufi za kawaida na hazihitaji fundi wa mabamba. Enoch Sontonga, mtunzi wa wimbo ambao sauti yake ndiyo ya "Mungu ibariki Afrika", alikuwa mtu wa solfa. Vijitabu hivi vilichapwa kwa karatasi duni, vikatumika hadi vikachanika, vikatupwa. Ukikuta kimoja kizima, na jalada lake, usikiache.

Nimeona vitabu vya zamani kwenye stoo ya parokia. Nichukue kabla mchwa hawajavila?

Usichukue. Mwambie paroko.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwa mzee mmoja, katekista mstaafu, upande wa Masasi. Nilikuwa nimesikia ana kitabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kitabu ni cha mapadre. Kimekaa juu ya kabati tangu bibi yako yu hai."

Akakishusha, kimefungwa kwenye kanga iliyopauka. Graduale ya Pustet, rangi nyeusi na nyekundu, na kwenye ukurasa wa Pasaka tone la nta ya mshumaa, la mviringo, limeipitisha mafuta karatasi hadi unaona nota za upande wa pili. Alikuwa tayari kunipa kwa bei ya gunia la mahindi. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikakuta muhuri wa misheni umefifia. Nilikitaka kitabu kile, siwezi kusema nilikuwa sikitaki. Tulikirudisha pamoja, yeye na mimi, kwa basi la asubuhi. Aliyekipokea alimshika babu mikono miwili.

Na usidhani stoo za watu wa dini hazina kitu. Mwaka 2005, kwenye kabati la chuo cha wachungaji karibu na Philadelphia, mtunza maktaba alikuta mwandiko wa Beethoven mwenyewe, Grosse Fuge aliyoipanga kwa watu wawili kwenye piano moja, kurasa 80. Uliuzwa London mwaka huohuo kwa zaidi ya pauni milioni 1. Ungekuwa umebebwa kimya kimya na mtu mwenye nia njema, pengine usingejulikana hadi leo.

Inagharimu kiasi gani?

Inategemea mtunzi, hali ya nakala na uhaba. Matoleo ya kwanza ya kazi mashuhuri za Beethoven au Chopin ni ya wenye nazo. Watunzi wa daraja la pili wa karne ya 19 hupatikana kwa bei ya viatu vizuri. Vitabu vya Edition Peters vyenye jalada la kijani, vilivyoanza 1867 sheria ya Ujerumani ilipowaachia huru watunzi waliokufa zamani, ni vingi sana na ni chapa za marudio. Yale majalada ya waridi yageuze kwa makini: Peters aliyatumia kwa kazi zilizokuwa bado mali yake, za akina Grieg, na humo matoleo ya kwanza yamo.

Nikinunua kutoka nje, vitafika?

Vitafika, ukimsimamia muuzaji. Mwombe picha ya ukurasa wa jina, ya ukurasa wa kwanza wa nota, na picha moja iliyopigwa mwanga ukitoka pembeni ili alama ya kingo ionekane. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mwache. Mimi niliwahi kutuma pesa kwa muuzaji aliyeniahidi chapa ya Vienna ya miaka ya 1800, kikanifikia kitabu cha picha za marudio cha karne ya 20, karatasi nyeupe, kinanuka wino mpya. Maelezo yake yalikuwa sahihi neno kwa neno, aliacha tu kusema ni marudio.

Kwa upande wa forodha, mwambie mtumaji aandike namba ya bidhaa: muziki uliochapwa ni 4904, na vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 ni 9706. Mzigo ulioandikwa "karatasi za zamani" unafunguliwa, unashikwashikwa, unachelewa. Muulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka huko, si ukishafika.

Nitavitunzaje kwenye joto na unyevu huu?

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi kuliko ya bei. Karatasi iliyokaa miaka 150 Leipzig inaweza kumalizwa na mvua za msimu mmoja hapa.

Ukungu unapenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi. Kati ya Desemba na Aprili tunaishi juu ya hapo. Kwa hiyo usifunge vitabu kwenye mfuko wa plastiki ukadhani umevilinda, vitatoka jasho humo humo. Tranki la bati huzuia mchwa kweli, lakini chini ya paa la mabati mchana ni tanuri, na usiku maji yanashika kwa ndani. Kabati langu ni la mninga, lina matundu nyuma yaliyozibwa kwa wavu wa mbu, limeachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na miguu yake imesimama kwenye vikopo vyenye mafuta ya taa. Kila Jumamosi ya kusi nalifungua asubuhi upepo ukiwa mkavu, nageuza kurasa, nafunga kabla ya jioni.

Nota zilale chali, zisisimamishwe, zinapinda mgongo. Kati ya chapa moja na nyingine weka karatasi nyeupe safi, si gazeti, gazeti linaambukiza umanjano. Ukiona vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua, au vumbi la unga kwenye mshono, funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa, weka kwenye friza kali ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kipate joto polepole kikiwa bado ndani ya mfuko. Hapo tu ndipo plastiki inaruhusiwa.

Kwa wenzangu wa mikorosho: msimu wa kupulizia, usihifadhi salfa nyumba moja na vitabu. Ule unga unaingia kila mahali, na palipo na unyevu salfa si rafiki wa karatasi.

Ukurasa umechanika. Nilamineti? Niweke selotepu?

Hapana, na hapana. Gundi ya selotepu inageuka kahawia na haitoki. Kulamineti ni kuchoma. Ukurasa wangu wa jina wa chapa ya Leipzig, wenye bei ya Ngr. iliyonisaidia kuutambua, niliuacha steshenari moja mjini ili utolewe kopi tu. Niliporudi, kijana wa watu alikuwa ameshaulamineti, tena bure, kwa kunionea huruma. Plastiki imeyeyukia kwenye wino. Siwezi kuutoa tena. Ukurasa ukichanika, uweke ndani ya karatasi iliyokunjwa mara mbili, andika kwa penseli ni wa wapi, uache hivyo hivyo.

Sijui kusoma nota. Naweza kukusanya?

Unaweza, lakini jiunge na kwaya. Miezi sita inatosha kuanza.

Naweza kuja kuona ulivyo navyo?

Karibu, Jumamosi baada ya mazoezi, kabla ya giza, maana navitazama kwa mwanga wa dirisha. Osha mikono kwa sabuni na ukaushe kabisa, usivae glavu, zinakunyima kusikia karatasi. Kalamu ya wino iache mlangoni, penseli nitakupa. Chai tutakunywa barazani baadaye. Nitakupa chapa mbili za kazi moja, ya bamba na ya jiwe, uzipapase macho yakiwa yamefumbwa, uniambie ipi ni ipi.